Duara Chini ya Ndevu za Baba

Baba alikuja mjini kugombana na muuza hina. Ndivyo alivyoniambia mlangoni, kofia kichwani, fimbo mkononi, na kitambaa cheupe amekizungusha kutoka kidevuni hadi utosini kama mtu anayeumwa na jino. Alikuwa ametoka nyumbani Gotu alfajiri, akapanda pikipiki hadi Ngaremara, akaomba lifti kwenye lori la mchanga hadi Isiolo. Safari yote hiyo ili amwambie mama mmoja sokoni kwamba hina yake ni sumu.

"Salaam aleikum, intala."

Intala ni binti, kwa Kiborana. Nywele zangu zimeanza kuota mvi, nafundisha baiolojia katika shule ya upili hapa mjini, na wanafunzi wananiogopa kuliko mwalimu mkuu. Kwa baba bado mimi ni intala.

"Aleikum salaam, Aba. Uso umefanya nini?"

"Si mimi. Ni hina."

Lazima nieleze kuhusu ndevu hizo, maana bila hizo mambo haya yote yangeonekana mapema. Baba hana majivuno ya kitu kingine chochote. Shati lake ni lile lile, viatu vyake vimekatwa kutoka tairi kuukuu. Lakini ndevu zake huzichonga kwa wembe pembeni, huzipaka hina kila panapokuwa na harusi au Idi, na zikishika rangi hutembea polepole ili watu wapate nafasi ya kuziangalia. Mama husema angeambiwa achague kati ya ndevu na mke, angeomba siku ya kufikiria. Safari hii alikuwa amezipaka kwa ajili ya harusi ya mtoto wa mpwa wake. Baada ya kuzipaka akaota kipele chini ya kidevu, na kwa kuwa kwetu hina ni dawa ya vidonda pia, akaongeza hina juu ya kipele. Kipele kilipokataa, akaongeza nyingine.

Nilimketisha, nikampa chai ya maziwa ya ngamia. Alimeza funda moja, akakunja uso, akaweka kikombe chini. Baba hajawahi kuacha chai ya maziwa ya ngamia. Nikamfungua kitambaa.

Shingo yake haikuwapo. Kutoka taya hadi kwenye mfupa wa bega kulikuwa na uvimbe mmoja mnene, ngozi imevutika hadi inang'aa, na ndevu za rangi ya machungwa zimesimama juu yake zikielekea kila upande. Nilibonyeza kwa kidole.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Hata hapa?"

"Intala, nimesema haiumi. Iliwasha kidogo kama mbu ameuma, halafu ikaacha. Mimi si mgonjwa. Mimi niko na kesi na yule mama."

Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Jipu linauma. Jino linauma. Hina mbaya inachoma mpaka mtu analia. Uvimbe wa ukubwa ule usiouma hata ukibonyezwa nilikuwa nimeusoma chuo kikuu, mwaka mzima, kwa sababu mradi wangu wa mwisho ulikuwa juu ya bakteria wanaotengeneza sumu inayoleta uvimbe kama huo. Nilimwomba Mungu niwe nimesahau masomo yangu.

"Aba, mlichinja hivi karibuni?"

"Tulichinja. Yule ng'ombe mweupe mwenye ndama."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Mgonjwa wapi? Asubuhi alikunywa maji vizuri. Adhuhuri akatetemeka, akaanguka. Nikamuwahi."

Kuwahi ni neno zito kwetu wafugaji Waislamu. Mnyama akifa mwenyewe ni mzoga, ni haramu, anaachiwa fisi. Lakini akiwa anaelekea kufa na roho bado imo, ukafika na kisu ukasoma Bismillahi, amekuwa halali, na watoto watakula. Kwa hiyo mfugaji hutembea na kisu kiunoni, na mtu anayejulikana kwa kuwahi husifiwa. Ukame ulikuwa umetumalizia mifugo mingi, mvua ndiyo kwanza imenyesha, nyasi zilikuwa fupi kiasi kwamba ng'ombe aking'oa anang'oa na udongo. Nani angekaa akimtazama ng'ombe wa maziwa akipotea bure? Baba alikimbia, kwa umri wake, akamuwahi.

"Damu ilikuwaje?"

"Nyeusi. Haikuganda."

Alilisema hilo kama mtu anayesema jana kulikuwa na upepo. Akaendelea kunieleza kwamba alimchuna yeye mwenyewe, jua lilikuwa kali, jasho lilimtoka mpaka akawa hawezi kuona. Na ili nielewe vizuri alivyotoka jasho, akainua mkono wa kulia, ule ulioshika kisu, na kupitisha mgongo wa kiganja chini ya kidevu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, juu ya ngozi ambayo alikuwa ameichonga kwa wembe kwa ajili ya harusi.

Mimi nikiogopa, kinachotoka kwanza ni ukali. Nilimfokea baba yangu. Nilimwambia asiguse kitu, asimguse mtu, avae viatu, kwa nini hajavaa viatu, na yeye akawa ananitazama kama anayetazama mbuzi aliyepagawa. Nikampigia mama simu. Nyama ilikuwa imeliwa, majirani wamepewa fungu lao, na iliyobaki imekatwa vipande vyembamba na kuanikwa. Nilimwambia asiiguse tena, asiitupe, asimpe mbwa, akae nayo mbali mpaka watu wa mifugo wafike. Mama aliuliza kuna nini. Nikasema kimeta.

Nikamsikia mama akimfukuza mbwa. Wafugaji wote wanalijua jina hilo.

Daktari aliyetupokea hospitalini alikuwa kijana kutoka upande wa Meru, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alisikiliza habari ya ng'ombe mpaka mwisho bila kunikatiza, akaagiza sindano ya penisilini ianze mara moja, kisha akasema anahitaji kukiona kidonda chenyewe, kwa hiyo ndevu zinyolewe.

"Daktari," baba akasema kwa Kiswahili chake, "hii ndevu si ya hospitali. Hii ndevu iko na harusi."

"Mzee, harusi ni lini?"

"Hiyo si maneno yako. Wewe piga sindano. Ndevu wacha."

Daktari alinitazama. Muuguzi aliyesimama na wembe akanitazama. Mimi nilikuwa natazama kifua cha baba, jinsi kilivyokuwa kikijitahidi kupanda.

"Aba," nikasema kwa Kiborana, "nikinyoa mimi?"

Aliitazama mikono yangu. Mtu mwingine kumnyoa mzee ndevu ni kumvua nguo. Mtoto wake, pengine, ni jambo lingine. Mwishowe akafumba macho na kuinua kidevu kidogo, kadiri uvimbe ulivyomruhusu, na mimi nikavaa glavu na kuchukua mkasi.

Zilianguka kwenye taulo kwa mafungu, za rangi ya machungwa, nyeupe kwenye mashina. Nilikata pembeni kwanza kwa sababu niliogopa kufika katikati. Nilipofika katikati nikakiona. Kilikuwa cheusi kama kipande cha mkaa, kimezama kidogo kwenye nyama, kikavu, bila usaha wala harufu. Kukizunguka kulikuwa na malengelenge madogo yaliyojaa maji, yamejipanga duara, moja kando ya jingine, kwa unadhifu ambao ulinitia kichefuchefu.

Duara hilo nalijua. Kila mwaka, tukifika mada ya seli na utando wake, nachora ubaoni duara linalofanana na hilo na nawaambia wanafunzi kwamba hiki ni kimojawapo cha vitu vya ajabu kabisa katika baiolojia. Nawaambia kwa furaha. Nina sauti maalumu kwa somo hilo.

Sindano ikaingia, dawa ya kupunguza uvimbe ikaingia, na daktari akachukua kalamu ya wino mzito akachora mstari kwenye kifua cha baba, mahali uvimbe ulipoishia. Akaniambia nitazame mstari huo. Uvimbe ukibaki juu yake, vizuri. Ukiuvuka, nimwite.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikautazama. Baada ya muda ukavukwa. Nikamwita, akachora mwingine chini yake. Huo nao ukavukwa.

"Sindano imeingia," baba alisema. Sauti yake ilikuwa imekwaruza, kama imepitia kwenye gunia. "Mbona navimba?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa. Kuna binti angesema usijali, Aba, utapona. Mimi siwezi. Nikidanganya, uso wangu unanisaliti, na baba anaujua uso wangu. Nikamweleza.

Nilimwambia kwamba sindano inaua vijidudu, na pengine vingi vimeshakufa. Lakini kijidudu cha kimeta hakiingii mwenyewe ndani ya seli. Kinakaa nje na kutuma sumu. Sumu yenyewe ni protini za aina tatu, na peke yake hakuna hata moja inayoweza kudhuru. Ya kwanza kazi yake ni kutengeneza mlango. Inatua juu ya ngozi ya seli, na mwili wenyewe, kwa kisu chake unachotumia kila siku kwa kazi zake, unaikata kipande. Zile zilizokatwa zinatafutana. Zinashikana saba, mara nyingine nane, zinakuwa duara. Halafu zile mbili nyingine, ambazo ndizo zenye madhara, zinapanda juu ya duara na kungoja.

"Zinangoja nini?"

"Kumezwa, Aba. Seli ina tabia ya kuvuta vitu vilivyo kwenye ngozi yake na kuviingiza ndani kwa kifuko kidogo. Inalimeza lile duara pamoja na abiria wake."

"Inafikiri ni chakula."

"Inafanya tu ilivyozoea. Na ndani ya kifuko mna uchachu, kama maziwa yaliyolala kwenye kibuyu. Seli huutumia uchachu huo kuvunjavunja ilichomeza. Sasa duara likionja uchachu, ndipo linapobadilika. Linatoa mrija mrefu chini yake, mrija unatoboa ukuta wa kifuko, na zile mbili zinajinyoosha, zinakuwa nyembamba kama uzi, zinapita kwenye tundu hilo mpaka ndani kabisa. Moja inafanya maji yajae. Huo ndio uvimbe wako. Nyingine inakata mawasiliano ya seli mpaka inakufa. Hicho ndicho kile cheusi."

Baba alitafuta pumzi. Nje, mtu alikuwa akifagia veranda, na nilichukia jinsi alivyokuwa akifagia bila haraka.

"Kwa hiyo," akasema, "kisu ni chetu. Kumeza ni kwetu. Uchachu ni wetu."

"Ndiyo, Aba."

"Na zilizokwisha kuingia, sindano inazitoa?"

"Haizitoi."

"Nani anazitoa?"

"Hakuna. Zinachakaa zenyewe."

"Lini?"

"Sijui," nikasema, na nikaanza kulia, mimi ambaye wanafunzi wananiogopa kuliko mwalimu mkuu.

Alasiri pumzi yake ilianza kutoa mlio. Kila alipovuta hewa palitoka sauti nyembamba, kavu, kama mlango usiotiwa mafuta, na mashimo yaliyo juu ya mifupa ya mabega yakaingia ndani. Hakuweza tena kulala. Alikaa wima, mikono kwenye magoti, mate yakimtoka kwa sababu kuyameza kulikuwa kazi. Nilitazama koo lile na nikaona ndani yake yale maduara, mamia kwa maelfu, yakimezwa na baba yangu mwenyewe kwa tabia njema ya mwili wake, na kufunguka moja baada ya jingine mahali ambapo mkono wa mtu yeyote haufiki. Sijawahi kuogopa vile. Niliogopa mpaka nikawa nasikia baridi katika joto la Isiolo.

Daktari alikuja na sinia iliyofunikwa kwa kitambaa cha kijani, akaiweka kando ya kitanda. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba njia ya hewa ikiendelea kubanwa, atalazimika kufungua tundu dogo shingoni, kupitia uvimbe huo, aweke mrija. Asingependa. Lakini asingengoja mpaka mzee azimie.

Baba hakusikia maneno, ila aliiona sinia. Amechinja maisha yake yote. Anajua mtu akija na kitambaa kilichofunika kitu chembamba, akatazama shingo kabla ya kutazama uso, anakuja kufanya nini. Aliniita kwa kidole. Niliinama mpaka sikio langu likagusa midomo yake.

"Anataka kuniwahi," alisema.

"Aba, si hivyo."

Alivuta hewa, ule mlio ukatoka, akakusanya nguvu.

"Mwambie asome Bismillahi."

Sikujua kama ni mzaha. Mpaka leo sijui, na nimemuuliza, naye hucheka tu. Nilimgeukia daktari nikamwambia alichosema mzee, na nilitarajia atatabasamu jinsi watu wanavyowatabasamia wazee. Hakutabasamu. Msalaba mdogo ulikuwa ukining'inia shingoni mwake.

"Inasemwaje?" aliniuliza. "Nifundishe, nisije nikakosea."

Nikamfundisha. Alirudia mara kadhaa, kwa lafudhi ya milimani, akiutazama mdomo wangu, na baba akiutazama wake. Kisha daktari akavuta kiti, akakaa kando ya sinia, akaweka mkono juu ya kitambaa, na sisi watatu tukabaki tukiutazama mstari wa mwisho wa kalamu.

Uvimbe ulifika kwenye wino. Niliuona ukiugusa. Adhana ya magharibi ilitoka kwenye msikiti wa jirani, ikaisha, na ulikuwa bado unaugusa. Nilitafuta dalili kwamba umeuvuka, nikapiga magoti nikaweka jicho langu karibu na ngozi yake, na sikuona. Daktari akainama akatazama. Baadaye akarudi kutazama tena, na safari hii akaisogeza sinia hadi kwenye meza ya mbali, ingawa hakuiondoa chumbani.

Asubuhi kulikuwa na nafasi ya upana wa kidole kati ya uvimbe na mstari. Mlio ulikuwa umepungua. Baba aliomba chai.

Mama alifika kutoka Gotu akiwa na vidonge vyake mkononi. Watu wa afya ya umma walikuwa wamempa yeye na kila aliyeonja ile nyama, na nyama iliyobaki ikachomwa pamoja na ngozi, na mahali damu ilipomwagika pakamwagiwa chokaa na kuzungushiwa miiba. Hakuna mwingine aliyeugua. Alisimama mlangoni mwa wodi akamtazama mumewe bila ndevu, kwa mara ya kwanza tangu ujana wao, na akaweka mkono mdomoni. Nilidhani analia.

"Subhanallah," akasema. "Kumbe ndiyo sababu ulizifuga."

Baba alijaribu kukasirika, akashindwa, akakohoa.

Kile cheusi kilikaa muda mrefu hata baada ya vijidudu kufa, kikadondoka chenyewe, kikaacha kovu. Ndevu zilirudi pande zote isipokuwa hapo. Pana kipara cha duara chini ya kidevu, kidogo, laini, ambacho yeye hukifunika kwa kuchana ndevu kwa upande na ambacho sisi wengine hujifanya hatukioni. Harusi ilimpita. Muuza hina hajui hata leo kwamba alikuwa mshtakiwa.

Ile sehemu yenye miiba bado ipo, na mbegu za kimeta hukaa udongoni miaka mingi kuliko miaka aliyobakiza baba yangu, na pengine mimi. Mvua zimeanza tena. Nasikia zimenyesha vizuri upande wa Gotu, watu wanashukuru, nami nashukuru pamoja nao, huku kila simu ya mama ikinifanya nikae chini kabla ya kupokea. Shuleni tulifika mada ya utando wa seli wiki iliyopita. Nilichora duara la protini saba, nikawaeleza jinsi linavyomezwa. Ile sauti yangu maalumu sikuipata. Msichana mmoja aliuliza kwa nini seli isikatae, na nikamwambia tutaendelea kesho.

Siku hizi baba hataki kupakwa hina na mtu mwingine. Harusi ikikaribia, hupanda pikipiki na lori, anakuja kwangu, anakaa kwenye kiti kile kile. Nakoroga hina kwenye bakuli, navaa glavu, nasema ni kwa sababu ya rangi. Yeye haulizi kwa nini nabonyeza taya kwanza, kisha shingo, kisha mifupa ya mabega, wala kwa nini kila mara nauliza kama inauma.

"Inauma, intala," anajibu, hata nikigusa kidogo sana. "Inauma."

Kisha anafumba macho na kuinua kidevu, kabla sijamwomba.